Kipaza Sauti Mbele ya Kipaza Sauti: Elimu ya Kurekodi Gitaa la Umeme Nyumbani

Lugha ya Kiswahili imevipa jina moja chombo kinachopokea sauti ya msemaji na chombo kinachoitoa sauti hiyo mbele ya hadhara. Vyote viwili huitwa kipaza sauti. Fundi anayeagizwa kuleta vipaza sauti mkutanoni hana budi kuuliza ni vipi vinavyotakiwa. Yapo maoni kwamba huo ni upungufu wa msamiati, lakini fizikia inautetea mtindo huo wa kuita. Ndani ya spika mna koili ya waya iliyogandishwa kwenye koni ya karatasi na kuning'inizwa katikati ya sumaku. Umeme unaobadilika-badilika ukipita katika koili hiyo, koni husukumwa mbele na nyuma, na hewa hutetemeka. Ndani ya maikrofoni ya aina iliyoenea sana mna koili, mna sumaku na mna kiwambo chembamba. Hapo kazi huenda kinyume: hewa hutikisa kiwambo, koili hucheza ndani ya sumaku, na umeme huzaliwa, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Mwaka 1966 mafundi wa studio za EMI mjini London walichukua spika kubwa wakaitumia kama maikrofoni ya kunasia gitaa la besi la kundi la Beatles, nayo ikafanya kazi hiyo barabara.

Katika makala haya chombo kinachopokea kitaitwa maikrofoni, na kile kinachotoa kitaitwa spika. Kurekodi gitaa la umeme ni kazi ya kukiweka chombo kimoja mbele ya kingine. Kwa maneno hayo kazi inaonekana nyepesi. Hata hivyo, wapigaji wengi wanaojaribu kurekodi nyumbani hushangaa kusikia kwamba gitaa lililonguruma vizuri chumbani limetoka jembamba kama sauti ya redio ya mfukoni, au limefumba kana kwamba linapigwa ndani ya pipa. Lawama huangukia maikrofoni. Mpigaji huazima au huweka akiba ya miezi kadhaa, akanunua nyingine ya bei kubwa zaidi, na kosa likabaki palepale. Mara nyingi chanzo cha kosa ni sentimita chache za nafasi, na sentimita haziuzwi dukani.

Gitaa haliishii kwenye nyuzi

Gitaa la umeme, likipigwa bila mtambo, halisikiki kuvuka chumba. Chini ya nyuzi zake za chuma mna sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba. Uzi unapotetemeka huuvuruga uga wa sumaku, na umeme dhaifu huzaliwa katika waya. Mmarekani George Beauchamp alipata hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1937. Umeme huo hukuzwa na amplifaya, kisha hupelekwa kwenye spika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba amplifaya na spika ya gitaa havikuundwa kwa ajili ya kutoa sauti kwa uaminifu. Spika ya gitaa yenye upana wa inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, hutoa vizuri mitetemo ya kuanzia 80 hivi kwa sekunde hadi kufikia 5,000 hivi, na juu ya hapo nguvu yake huanguka kwa ghafla. Kwa sababu hiyo mpigaji anayechomeka gitaa moja kwa moja katika kompyuta, bila spika na bila programu inayoiga spika, husikia mkwaruzo mkali kama wa nyuki ndani ya kopo. Koni ya karatasi ni sehemu ya ala yenyewe, kama kibuyu kilivyo sehemu ya zeze. Anayerekodi gitaa la umeme anarekodi kwa hakika koni.

Koni haitoi sauti ileile kila upande

Idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa marudio, na hupimwa kwa hertz, kwa kifupi Hz. Katika joto la nyuzi 30 la pwani, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Mwendo huo ukigawanywa kwa marudio, hupatikana urefu wa wimbi. Uzi mnene wa gitaa, ukiachwa wazi, hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Wimbi lake lina urefu wa mita 4 na zaidi. Wimbi la marudio 3,500 lina sentimita 10 tu.

Mawimbi marefu kuliko upana wa spika huenea pande zote, kama maji yanavyozunguka nguzo ya gati. Mawimbi mafupi kuliko upana huo hujikusanya na kwenda mbele, kama mwanga wa tochi. Kwa spika ya sentimita 30 mabadiliko hayo huanza kuonekana marudio yanapopita 1,000. Kwa hiyo aliyesimama mbele kabisa ya spika husikia makali yote, na aliyesimama pembeni husikia sauti nene iliyopungukiwa makali.

Hapa ndipo penye chanzo cha kosa la kwanza. Amplifaya ya nyumbani kwa kawaida huwekwa sakafuni, na mpigaji husimama juu yake. Masikio yake yako mita moja na nusu kutoka sakafuni, nje kabisa ya tochi hiyo ya sauti. Anageuza vibonye mpaka gitaa lipendeze pale aliposimama, kwa kuongeza makali. Kisha anainama na kuweka maikrofoni mbele ya koni, ambako makali ni mara nyingi zaidi ya yale aliyokuwa akiyasikia. Maikrofoni haikosei, inaeleza yaliyopo mahali ilipo. Dawa yake haina gharama: amplifaya iinamishwe nyuma au ipandishwe juu ya kiti ili ielekee masikioni, na vibonye virekebishwe upya kabla ya maikrofoni kuguswa.

Aina tatu za maikrofoni

Maikrofoni za kurekodia gitaa ni za aina tatu.

Ya kwanza ni ya koili, ambayo imekwisha elezwa. Ni ngumu, haihitaji umeme wa nje, na hustahimili kishindo cha spika iliyo karibu. Mfano unaojulikana ulimwenguni kote ni Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965 na bado inatengenezwa. Mtengenezaji wake anaeleza kuwa hupokea marudio kati ya 40 na 15,000. Kipimo hicho kilinganishwe na kile cha spika ya gitaa, inayoishia karibu na 5,000. Ni dhahiri kwamba anayenunua maikrofoni ya bei mara kumi kwa kuwa inafika 20,000 ananunua marudio ambayo spika yake haiyatoi.

Ya pili ni ya utepe. Badala ya kiwambo na koili, ina ukanda wa aluminiamu wenye unene wa elfu chache tu za milimita, ulioning'inizwa kati ya ncha mbili za sumaku. Hupunguza makali kwa upole, na kwa hiyo hupendwa na wanaorekodi gitaa lenye mkwaruzo. Lakini ukanda huo huweza kukatika kwa upepo wa pumzi tu, na baadhi ya maikrofoni za namna hii huharibika zikipelekewa umeme wa volti 48 unaotumiwa na maikrofoni za aina ya tatu.

Ya tatu ni ya kapasita, aliyoibuni E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916. Kiwambo chake ni bamba moja la kapasita. Kikitikisika, umbali kati yake na bamba la pili hubadilika, na umeme hubadilika pia. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West walibuni namna ya kutumia utando unaohifadhi chaji yake wenyewe, uitwao elektreti, na ubunifu huo ukaenea katika mamilioni ya vinasa sauti na simu. Maikrofoni ya kapasita husikia kila kitu, na nyumbani hilo ni baraka na balaa pamoja: husikia gitaa, na vilevile jogoo, pikipiki ya barabarani na mvua juu ya bati. Aidha, unyevu wa pwani huiletea mikwaruzo. Haina budi kuhifadhiwa katika kisanduku kikavu.

Kwa mpigaji mwenye fedha ya maikrofoni moja tu, fizikia na mfuko vinapatana: ile ya koili, yenye kupokea zaidi kwa mbele na kidogo kwa nyuma, ndiyo ya kuanzia. Eneo la upokeaji wake likichorwa hufanana na moyo, na ubavu wake wa nyuma ukielekezwa penye kelele za nje, kelele hizo hupungua.

Sentimita 5 na mita 1

Umbali kati ya maikrofoni na spika huamua mambo matatu.

Kwanza, huamua unene wa sauti. Maikrofoni yenye umbo la moyo hupima tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya mbele na nyuma ya kiwambo. Chanzo cha sauti kikiwa karibu sana, tofauti hiyo huongezeka kwa marudio ya chini kuliko ya juu, na sauti huwa nene. Msomaji anaweza kulishuhudia jambo hili kwa kumsikiliza mtangazaji anayeikaribia maikrofoni yake mpaka midomo iiguse. Gitaa jembamba linaweza kuneneshwa kwa kuisogeza maikrofoni kutoka sentimita 15 hadi 3, bila kugusa kibonye chochote.

Pili, huamua madhara ya sakafu. Chukulia kwamba kitovu cha spika kiko sentimita 30 kutoka sakafuni, na maikrofoni iko kwenye kimo hicho hicho, umbali wa mita 1. Sauti inayokwenda moja kwa moja husafiri sentimita 100. Sauti inayogonga sakafu na kurudi juu husafiri sentimita 117, na huchelewa kwa sentimita 17. Kwa wimbi lenye urefu wa sentimita 34, yaani lenye marudio karibu 1,000, ucheleweshaji huo ni nusu ya wimbi: moja linasukuma hewa wakati lingine linaivuta, na sauti hiyo hudhoofika sana. Hapo ni katikati kabisa ya eneo ambalo solo la gitaa hujieleza. Maikrofoni ikisogezwa hadi sentimita 5, njia ya sakafuni inabaki sentimita 60, mara 12 ya ile ya moja kwa moja, na mwangwi wake unakuwa hafifu mno kuleta madhara. Mkeka mnene au godoro chini ya njia hiyo pia husaidia.

Tatu, huamua kiasi cha chumba kinachosikika. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za saruji kina sauti zake chenyewe. Kati ya kuta zilizoachana mita 4, mawimbi ya marudio 44 hivi na 87 hivi hukaa na kujirudia. Kati ya zile zilizoachana mita 3, ni 58 na 117. Sauti ya uzi mnene unapobonyezwa kwenye chuma cha kwanza karibu na kichwa cha gitaa ina marudio 87. Katika chumba hicho, basi, sauti hiyo moja itavimba pale karibu na ukuta na katikati ya chumba, na itafifia umbali wa mita 1 kutoka kwenye kila mmojawapo wa kuta hizo. Mpigaji atadhani mkono wake haulingani nguvu, kumbe ni chumba. Studio zenye kumbi kubwa huweza kuiweka maikrofoni mbali na kupata mwangwi wa kupendeza. Chumba cha kulala hakina mwangwi wa namna hiyo, na ndiyo maana ushauri wa jumla kwa nyumba ni kukaribia.

Maikrofoni mbili si lazima zishinde moja

Mpigaji aliyepata maikrofoni ya pili hushawishika kuzitumia zote. Hesabu ile ile ya sakafu inarudi hapa. Maikrofoni moja ikiwa sentimita 17 na nusu nyuma ya nyingine, sauti hufika kwake ikiwa imechelewa nusu ya elfu moja ya sekunde. Zikichanganywa kwa nguvu sawa, marudio 1,000 yatafutika, kisha 3,000, kisha 5,000, kama meno ya kitana yaliyong'olewa moja baada ya jingine. Gitaa litasikika tupu.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuviweka viwambo vya maikrofoni zote mbili katika umbali ulio sawa kabisa kutoka kwenye koni, bega kwa bega. Ya pili, ikiwa moja ni ya karibu na nyingine ya mbali, ni kuiacha ile ya mbali ikiwa hafifu zaidi katika mchanganyiko. Jaribio la kuhakikisha ni rahisi: sauti ya maikrofoni moja igeuzwe, chanya iwe hasi, kwa kitufe kilichomo katika programu nyingi za kurekodia. Ikiwa gitaa linanenepa baada ya kugeuzwa, basi maikrofoni hizo zilikuwa zikipigana. Ikiwa linakondeana, zilikuwa zikisaidiana, na kitufe kirudishwe.

Jaribio la jioni moja

Utaratibu ufuatao hauhitaji kifaa chochote zaidi ya maikrofoni moja, futi kamba, chaki na hedifoni.

Kwanza, mpigaji aangaze spika kwa tochi kupitia kitambaa cha mbele ili aone kikofia cha mviringo kilichoko katikati ya koni, kisha atie alama ya chaki penye kitovu na penye ukingo wa kikofia hicho. Amplifaya nyingi zina spika isiyo katikati ya sanduku, na wengi wamerekodi mbao bila kujua.

Pili, arekodi kipande kimoja kifupi katika nafasi tano: mbele ya kitovu, kwenye ukingo wa kikofia, katikati ya kikofia na ukingo wa koni, zote hizo kwa umbali wa sentimita 5, kisha ukingo wa kikofia kwa sentimita 15, na mwisho kwa mita 1. Kabla ya kila kipande aitaje nafasi kwa mdomo, ili asitegemee kumbukumbu. Kitovuni sauti itakuwa kali. Kadiri maikrofoni inavyokwenda ukingoni, itakuwa ya giza zaidi. Wengi huridhika na ukingo wa kikofia, lakini kila spika ina tabia yake.

Tatu, kipimo cha kurekodia kisifike kileleni. Kilele cha sauti kikiwa kati ya desibeli 12 na 6 chini ya ukomo, hakuna kinachopotea katika vifaa vya leo, na hakuna kinachokatwa.

Nne, vipande vyote visawazishwe kwa nguvu kabla ya kulinganishwa. Sikio la binadamu hukipendelea chenye nguvu zaidi na kukiita kizuri. Jaribio lisilosawazisha nguvu hupima kelele, halipimi ubora.

Tano, kama kuna mvumo wa chini, mpigaji ajizungushe polepole pamoja na gitaa lake. Mvumo huo wa marudio 50 na 100 hutoka kwenye nyaya za umeme wa nyumba na hunaswa na sumaku za gitaa, na kuna mwelekeo mmoja ambapo hupungua. Mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliutafutia dawa mwaka 1955 kwa kuunganisha koili mbili zilizopinduana, ili mvumo ujifute wenyewe.

Masikio na majirani

Wako wanaoamini kuwa gitaa halirekodiki vizuri mpaka kuta zitikisike. Amplifaya ya wati 50 ina nguvu mara 10 ya ile ya wati 5, lakini tofauti hiyo ni desibeli 10 tu, ambazo sikio huzihesabu kama mara mbili hivi. Maikrofoni iliyo sentimita 5 kutoka kwenye koni haihitaji wati 50.

Jambo hili lina uzito kuliko ugomvi wa jirani. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 100, muda ni dakika 15. Amplifaya katika chumba kidogo hufikia kiwango hicho bila taabu, na anayeinama mbele ya koni kutafuta mahali pa maikrofoni wakati mwenzake anapiga analiweka sikio lake penye hatari kuliko mahali popote chumbani. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Maikrofoni isogezwe wakati gitaa limenyamaza, na usikilizaji ufanywe kwa hedifoni kwa sauti ya kadiri.

Kinachobaki

Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi za dansi za Tanzania zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, mara nyingi bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Magitaa ya solo, ya ridhimu na ya besi yanasikika humo kila moja mahali pake, kwa sababu palikuwa na fundi aliyejua maikrofoni ikae wapi kabla ya utepe kuanza kuzunguka. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Anayezaliwa leo anaweza kulijua gitaa lake kwa njia moja tu, nayo ni kile kilichopita katika maikrofoni za siku hizo.

Leo vifaa vimo mikononi mwa watu wengi zaidi kuliko wakati wowote uliopita, na nyimbo nyingi huishia katika chumba zilimotungwa. Kompyuta inaweza kusafisha, kukata na kuunga, lakini marudio yaliyofutwa na sakafu siku ya kurekodi hayamo tena katika kumbukumbu yake, na hakuna programu inayoweza kuyarudisha kama yalivyokuwa. Kazi hiyo hufanywa kabla, kwa chaki na futi kamba, wakati mpigaji angali anaweza kuurudia wimbo wake.